Mtoto wa Mlango wa Bluu, Miaka Mitano

Jumapili, tarehe 4 Februari

Mjukuu wangu,

Mwaka wa nne huu hujakanyaga hapa. Hata yule anayekuja kusoma mita ya maji ananitembelea kuliko wewe, na yeye simpendi. Nimesikia una kazi nyingi. Nani hana kazi? Mimi mwenyewe asubuhi hii nimefua, nimefagia, nimegombana na muuza mkaa, na bado nimepata nafasi ya kukukumbuka.

Marahaba, kwa sababu najua ungekuwa hapa ungeniamkia. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeamua kuishi maisha yake. Shangazi yako amehamia kwa mwanawe na amenenepa, anasema ni uvimbe, mimi nasema ni utulivu. Mlango wa mbele nimeupaka rangi upya, bluu ile ile. Muuza rangi alinishauri niweke kijani, eti bluu imepitwa. Nikamwuliza kama mlango ni wake.

Anayeandika ni Fundi Saa, jirani yetu wa ukuta mmoja. Saa haziwezi tena, vijiti vyake ni vidogo mno kwa macho yake ya sasa, lakini kalamu bado anaishika vizuri. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe.

(Naandika kama anavyosema. Neno moja tu nimeliacha, lilimhusu muuza mkaa. Mimi Fundi Saa.)

Fundi ana simu, na kila siku ananiambia nikupigie. Simu siitaki. Mtu akinyamaza kwenye simu sijui kama imekatika au analia. Barua nasomewa mara tatu, na mara ya tatu ndiyo nasikia.

Redio yangu inafanya kazi. Kila Jumamosi saa nne naichukua naingia nayo chumba cha nyuma, nakaa mkekani. Unapiga kengele yako, unasema, "Dada Kengele amefika, nani yupo?" halafu unanyamaza ule unyamavu wako mrefu. Fundi aliupima kwa saa: sekunde tano. Anasema watangazaji wengine wa watoto hawafiki hata mbili.

Jumamosi ya mwisho ya Januari nilikaa nikasubiri kama kila mwaka. Ulisoma majina ya watoto wenye siku zao za kuzaliwa. Ukafika pale. Ukapita. Niliizima redio kabla wimbo haujaanza, na siku hiyo sikuwa mtu wa kusemeshwa. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili unanifanyia hivyo. Unajua ninachosema. Na kama unajifanya hujui, basi umemrithi mama yako, Mungu amrehemu, ambaye aliweza kukaa na neno mdomoni kama pipi mpaka likayeyuka.

Njoo. Au andika.

Bibi yako.


Jumamosi, tarehe 2 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi sijambo, koo tu linanisumbua, nalitibu kwa maji ya moto na kunyamaza. Msalimie Babu Fundi, mwambie nakumbuka alivyokuwa akituazima kioo chake cha kukuzia tuangalie sisimizi.

Nina habari mbili, naanza na nyepesi. Kipindi kinafungwa. Unakumbuka waliponitoa kwenye televisheni, baada ya miaka tisa ya gauni la njano na jua la kadibodi nyuma ya kichwa? Mkuu wa vipindi aliniambia kwa upole kwamba kamera imeanza kuniona. Nikabaki na kipindi changu cha redioni, ambako hakuna kamera, nikadhani nimesalimika. Sasa redioni nako wanataka saa ile iwe ya nyimbo tupu, zipangwe kwa mashine. Kipindi cha mwisho ni Jumamosi tarehe 29 Juni. Nina miaka arobaini na mitatu na mitaani watu wazima wenye ndevu bado wananiita Dada.

Habari ya pili ndiyo iliyonifanya nisijibu mapema.

Walinipa maboksi ya stoo niyapange kabla hayajatupwa. Ni kadi za salamu ambazo wasikilizaji walituma miaka yote. Mimi kadi hizo sikuwahi kuziona, Bibi. Zilipokelewa na karani wa kipindi, mama mmoja makini sana, alistaafu mwaka jana. Majina tulipewa dakika moja na nusu, kwa hiyo yeye alichapa orodha: jina na umri, basi. Maneno mengine yote aliyaacha. "Nikiwapa wote nafasi ya kusema," aliwahi kuniambia, "taarifa ya habari itasomwa Jumapili." Orodha ndiyo iliyoletwa mezani kwangu.

Barua yako ilifika wiki ile ile ya maboksi. Niliiweka mezani wazi, nikaendelea na kazi. Nikatoa kadi moja, nikaona herufi k yenye mkia mrefu, inayoshuka mpaka mstari wa chini. Nikatazama barua. Nikatazama kadi. Nikayamwaga maboksi yote sakafuni, nikazipata ishirini na mbili, mwandiko mmoja, maneno yale yale:

"Kwa Dada Kengele. Mtoto wa mlango wa bluu leo ametimiza miaka mitano. Mwambie kipindi kimekwisha, sasa anaweza kusema."

Kila Januari nilisoma "mtoto wa mlango wa bluu, miaka mitano," na kila Januari niliharakisha kulipita. Nilijiambia milango ya bluu ni mingi na watoto wa miaka mitano hawakosekani. Lakini hayo maneno ya mwisho, Bibi, naapa sijawahi kuyaona.

Na hakuna anayeyajua. Tulikuwa wawili tu chumba cha nyuma, mimi na mdogo wangu, Bwana Mdogo. Mimi na miaka yangu tisa nilikuwa mtangazaji, upawa ndio kipaza sauti. Nilitundika kitambaa chekundu kwenye kitasa, na sheria ilikuwa kitambaa kikiwa juu hakuna anayesema mpaka kipindi kiishe. Alikuwa amelala mkekani. Aliinua mkono. Nikatikisa kichwa, nikamwambia, "Bado." Hakuushusha, akauegemeza ukutani, na mimi nikaendelea kutangaza mchana kutwa, nyimbo, habari, hali ya hewa, kwa sababu sikuwahi kupata msikilizaji mtulivu kama yeye siku ile. Nilipomaliza alikuwa wa moto kama pasi na macho yamegeuka. Jioni hatukuwa naye.

Mama alikufa hajui. Wewe ulijuaje?

Mjukuu wako.


Jumapili, tarehe 24 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Koo litibu kwa kunyamaza nyumbani, usilitibu kwa kuninyamazia mimi. Shangazi yako anakusalimu, uvimbe unaendelea vizuri. Paa la jikoni lilivuja juma lililopita, limezibwa. Fundi Saa alipanda mwenyewe, ikabidi tumwite kijana wa nyumba ya pili kuja kumshusha.

(Si kweli. Nilishuka mwenyewe, polepole. Fundi.)

Kwa hiyo ni karani. Miaka ishirini na miwili nakaa mkekani nimekukunjia uso, nasema huyu mtoto ana moyo wa jiwe, neno moja tu nimemwomba na hataki. Kumbe kuna mama mahali fulani, makini sana, anakata mkia wa kadi zangu. Natamani kumtukana, lakini alikuwa anafanya kazi yake. Na wewe nilikutukana bure, kimoyomoyo na kwa sauti. Hayo nayafuta.

(Kadi niliandika mimi, kila Januari. Nilidhani anayesemwa ni mtoto wa ndugu yao mwenye kigugumizi. Sikuuliza. Fundi.)

Umeuliza nilijuaje. Nilikuwa uani nafua, chini ya dirisha la chumba hicho. Niliusikia upawa wako ukitangaza. Nilikusikia ukisema, "Bado." Kisha nikapita mlangoni na karai, nikaona kitambaa kwenye kitasa, nikasema moyoni, waache, wametulia. Mimi nilikuwa mtu mzima, mwenye mikono miwili, na nilikitii kitambaa cha mtoto kwa sababu nilitaka nguo zangu zikauke kwa amani.

Kitambaa hicho bado kipo mlangoni. Nakifua, nakirudisha. Wewe hujui, kwa sababu tangu siku ile ukija unalala sebuleni na chumba cha nyuma hukitazami hata kwa jicho la pembeni.

Mtoto yule alikuwa mtiifu kupita kiasi. Aliambiwa asubiri, anasubiri. Mimi nimeshamwambia mara nyingi inatosha, lakini sikuwa mimi niliyetundika kitambaa. Mtangazaji ni wewe. Una Jumamosi chache zimebaki. Mwambie.

Kuna jingine, lakini haliandikiki mbele ya kalamu hii. Usiniulize.

Bibi yako.


Jumamosi, tarehe 20 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nafurahi paa halivuji. Mwambie Babu Fundi asipande tena. Koo limepona. Mwenzangu wa zamani wa televisheni, yule aliyekuwa akivaa kichwa cha sungura, amefungua duka la vitanda na ameniambia nikikosa kazi niende nikalalie magodoro kuwaonyesha wateja. Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Ulichoniomba siwezi.

Nikupe sababu. Ule unyamavu wangu baada ya "nani yupo?" umenipa sifa. Kuna wanafunzi wa utangazaji wanafundishwa kwamba Dada Kengele anawaachia watoto nafasi ya kujibu wakiwa majumbani. Siyo hivyo. Taa nyekundu ikiwaka, mimi huangalia pembeni ya mlango wa studio, pale zulia la ukutani linapokutana na sakafu. Naangalia kama Bwana Mdogo ameushusha mkono. Sekunde tano ndizo ninazoweza kuvumilia, kisha naendelea na kipindi, kama nilivyoendelea siku ile.

Fundi mitambo ameshanibadilishia kipaza sauti mara tatu. Anasema kuna pumzi inaingia, nisikae karibu mno. Nimekaa mbali. Pumzi ipo. Wiki iliyopita alinisikilizisha kanda, akasema, "Sikiliza, hapa umenyamaza wewe, sasa hii ni ya nani?" Nikamwambia ni feni.

Nikimwambia aseme, Bibi, atasema nini? Atasema aliniita. Atasema aliinua mkono nikamwambia bado. Na kipindi chenyewe ni cha moja kwa moja, hakuna wa kukata.

Niache nimalize Jumamosi zangu na sauti yangu ya furaha. Juni si mbali. Na usiniambie nije, kwa sababu nikija utaniingiza chumba kile.

Una jambo gani lisiloandikika?

Mjukuu wako.


Jumanne, tarehe 14 Mei

Mjukuu wangu,

Mwandiko huu si wa Fundi Saa, usishtuke, hajafa. Nimepanda mabasi mawili mpaka posta kuu, na huku nje kuna bwana mwenye meza, mwavuli na mashine ya kuchapa, anawaandikia watu barua. Hanijui na simjui. Ameniuliza jina langu la barua, nimemwambia ni Bibi, inatosha. Nilimwambia pia kwamba akiona naacha kusema asinihimize. Amekubali. Ana uso wa mtu aliyekwisha sikia mengi.

Shangazi yako ni mzima. Fundi ni mzima, anadhani nimekwenda kupimwa miwani.

Unaogopa Bwana Mdogo atasema alikuita. Mimi naogopa atasema Bibi alikuwa na cheti.

Jumatatu ya wiki ile nilimpeleka zahanati. Hilo unalijua, ulitusindikiza mpaka njia panda. Muuguzi alimchoma sindano, akanipa chupa ya dawa, akaandika kwenye cheti, akanikabidhi. Akasema, "Maelezo yote yapo hapa, mama, yafuate tu." Nyuma yangu kulikuwa na foleni mpaka nje ya mlango. Nilikishika kile cheti, nikatembeza macho kutoka upande huu kwenda upande ule, hata midomo nikaitikisa kidogo. Nilikuwa hodari wa hilo. Kanisani nilishika kitabu, sokoni nilishika gazeti, na mtaa mzima walijua mimi ni mwanamke anayesoma. Nikamwambia muuguzi, "Nimeona."

Nikafikiri, dawa ikiisha ndiyo nimrudishe. Dawa ilikuwa ya kuisha Ijumaa. Bwana Mdogo alituacha Alhamisi.

Mama yako alipofika kwa mazishi aliniuliza kama alipelekwa kutibiwa. Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli, ila nusu yake.

Wiki moja baadaye nilikichukua cheti nikaenda duka la dawa la mtaa wa mbali, nikamwambia binti wa kaunta kwamba miwani yangu imevunjika, anisomee. Akasoma: "Arudi Jumatano asubuhi kwa sindano ya pili. Bila kukosa." Akaniuliza kama alirudi. Nikamwambia alirudi, amepona, yuko nje anacheza. Binti akatabasamu, akasema, "Hongera, mama."

Jumatano. Wewe na upawa wako ni Alhamisi. Ulipoanza kutangaza, mjukuu wangu, mimi nilikuwa nimechelewa siku nzima. Angesema asingesema, mkono angeuinua asingeuinua.

Nilijua hivyo wiki moja baada ya mazishi. Wewe ulikuwa na miaka tisa, umeacha kucheza, umeacha kuimba, unalala sebuleni na taa. Nilijua unachojishutumu, kwa sababu nilikuwa chini ya dirisha. Nikakuacha ukibebe, kwa sababu kama ungekitua ningekiokota mimi.

Sasa kwa nini si kwa kalamu ya Fundi. Fundi anakaa upande wa pili wa ukuta. Jumatatu ile jioni tulisalimiana ukutani, nikiwa na cheti kifuani. Alikuwa ananisomea gazeti kila siku, eti niyapumzishe macho yangu, na alijua fika kwamba sijui kusoma, ila alikuwa muungwana. Ningempa, angekisoma kabla sijamaliza kumeza mate. Sikumpa, kwa sababu niliona haya. Nikimwambia leo, na yeye atakaa na ukuta ule akiutazama. Huyo mzee ana moyo wa karatasi. Nimeshaharibu watu wa kutosha.

Bwana wa mashine ameacha kugonga, anafuta miwani. Namwambia aendelee.

Sasa unajua. Bwana Mdogo akiruhusiwa kusema, ana mtu wa kumsema, na si wewe.

Bibi yako.


Jumatano, tarehe 12 Juni

Bibi,

Shikamoo.

Barua yako ninayo karibu mwezi. Nimeandika majibu manne nikayachana. Hili la tano ni fupi ili nisiweze kulichana.

Nilikuwa mtoto. Ulikuwa ukinisuka kila Jumapili, kichwa changu kiko magotini mwako, na unajua ya cheti. Nilipoanza kuamka nikipiga kelele ulinipa maji, ukasema, "Yatapita." Unajua. Sikuolewa kwa sababu sikutaka mtoto wa kwangu aje kuniinulia mkono, na ulipokuja kunishauri ulisema labda mimi ni mtu wa kazi. Bibi, unajua.

Siwezi kukusamehe kwa barua. Sijui kama naweza kwa mdomo.

Jumamosi iliyopita niliangalia pembeni ya mlango wa studio. Yupo. Kwa hiyo cheti chako hakijamshusha mkono. Nilidhani kitamshusha.

Tarehe 29 sijaahidi chochote. Usikae na redio ukinisubiri.

Mjukuu wako.


Jumapili, tarehe 30 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nilikaa.

Ulikataza, lakini hujawahi kunikataza kitu nikakatazika. Niliingia chumba cha nyuma saa nne kasoro, nikaketi mkekani, redio mapajani. Goti lilipiga kelele, sikulisikiliza. Fundi Saa aliomba aje na saa yake apime unyamavu wako wa mwisho, kwa kumbukumbu. Nikamwambia akae mlangoni, asivuke.

Ulipiga kengele. Ukaimba na watoto, ukasimulia kile kisa cha kobe na ndoo, ukasoma majina. Kisha ukasema kuna salamu moja ambayo kituo hakikuisoma yote kwa miaka ishirini na miwili, na kwamba kosa lilikuwa la huko kwenu, si la mtumaji. Hapo sauti yako ilikuwa imeacha kuwa ya Dada Kengele. Ilikuwa ya mtoto wangu wa miaka tisa.

"Mtoto wa mlango wa bluu, miaka mitano. Bwana Mdogo. Kipindi kimekwisha. Shusha mkono, utachoka. Sasa unaweza kusema."

Ukanyamaza.

Nilisubiri sekunde tano zako. Zikapita. Zikaja nyingine. Hakuna wimbo, hakuna kengele. Mle redioni kulikuwa na pumzi tu, na sikujua ni yako au ni ya nani. Chumba kilikuwa kimya mpaka nikasikia ukuta. Nikawaza, sasa atasema. Nikasikia mtu anasema kweli, na ilichukua muda kujua kuwa ni mimi.

Nilisema kwa sauti, mjukuu wangu. Nikamwambia, ulitakiwa kurudi Jumatano. Iliandikwa. Nilikishika cheti nikakitazama kama gogo. Nikamwambia, dada yako hakuwa na kosa, alikuwa anacheza kazi yake. Nikamwambia, nilimwonea haya Fundi, na Fundi alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Nilikuwa nimesahau kuwa Fundi yuko mlangoni.

Ulipomaliza kunyamaza walipiga wimbo. Fundi alikuwa ameishika saa yake, anaitazama. Akasema, "Dakika moja, sekunde kumi na moja." Kisha akasema, "Nipe hicho cheti." Nikakitoa kwenye kopo la vifungo, kimekuwa laini kama kitambaa. Akakisoma kwa kile kioo chake cha sisimizi. Hakuchukua hata muda wa kumeza mate, kama nilivyokwambia. Akakikunja, akanirudishia. Akasema, "Ungenigongea ukuta." Akaenda kwake.

Siku yote iliyobaki hakuja. Sikumsikia akikohoa wala akiburuta kiti. Leo asubuhi alikuja na kalamu na karatasi, akaketi pale pale, akasema, "Tuandike." Nikamwambia ninachotaka kuandika anakijua. Akasema ndiyo maana amekuja.

(Nimeandika yote. Gazeti nitaendelea kumsomea. Fundi.)

Hujanisamehe. Bwana wa mashine wa posta alinisomea barua yako mara tatu, na ya tatu niliisikia. Usinisamehe kwa haraka, sina haraka, goti hili haliniruhusu kwenda popote.

Ila nikwambie jambo la chumba. Jana mchana nilirudi mle peke yangu, bila redio. Miaka yote hiyo ukiingia pale masikio yanaziba, kama mtu amekuwekea pamba. Jana dirisha lilikuwa likigonga kwa upepo. Nilisikia maji ya uani, nikasikia watoto wa barabarani wakitukanana. Na chini, upande wa ukuta, nilisikia kitu kama kisigino kidogo kikisugua mkeka, kama mtu aliyekaa sana anayejinyoosha. Sikuuliza nani yupo. Huo si wakati wangu wa kuuliza.

Mkono kama ameushusha sijui, mimi sijawahi kuuona, ni wewe unayeuona.

Kwa hiyo utakuja, na ukija fanya hivi. Usibishe hodi mbele. Usije na zawadi, na usije na ile sauti yako ya furaha, iache kazini kwao. Zunguka uani, pita penye kamba ya nguo, mlango wa chumba cha nyuma uko wazi na kitambaa kiko kwenye kitasa, sikukigusa. Kitoe wewe. Kisha ingia unaongea. Nishitaki kwake ukitaka, nitukane, simulia basi lilivyochelewa, chochote, lakini uwe unaongea tangu kwenye kamba ya nguo, na usinyamaze mpaka utakapokaa chini karibu yake.

Bibi yako.